Chumba cha Mama Mkwe

Kabla rangi haijanunuliwa, na kabla kitambaa cha pazia hakijakatwa, ilibidi ukuta ubomolewe. Majirani wa upande ule wa Noonkopir, mjini Kitengela, walidhani Nelson Parmuat anafungua duka nyumbani kwake. Fundi alikuwa amesimama nje na nyundo na patasi, akitoboa ukuta wa chumba cha pembeni, na vumbi la simiti likawa linatua juu ya nguo alizokuwa ameanika Mbeke, jirani wao. Mbeke hakukawia kutokeza kichwa juu ya ua.

"Mama Yvonne! Mtauza nini sasa? Mandazi ama mitumba?"

Soipan, mke wa Nelson, aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, akatoka nje na uzi ukiwa bado mdomoni. "Hatuuzi kitu. Ni mlango wa mama yangu."

"Na ule mwingine umekufa?"

"Ule ni wa Baba Yvonne."

Mbeke akawaza kidogo, kisha akapiga kofi moja kubwa. "Ai! Kumbe hata nyinyi! Mama yangu alikuja ubatizo wa kifungua mimba wangu, mvua ikanyesha, tukamwambia aingie alale. Wapi! Alilala kwa pickup ya pastor. Asubuhi mgongo umekwisha, lakini adabu iko sawa."

Wakacheka wote wawili, na fundi naye akacheka ndani ya vumbi lake. Hilo ndilo jambo zuri la kuwa na jirani Mkamba: Soipan hakuhitaji kueleza. Kwao Wamaasai, mwanamume na mama wa mkewe hupendana kwa kuepukana. Wakikutana njiani, mmoja hupisha. Hawali pamoja, hawaketi pamoja, hawatajani majina, wala mama hawezi kulala alipo mkwe wake. Wanaliita jambo hilo enkanyit, heshima, na mtu asiyekuwa nayo hata mbuzi zake humhurumia.

Miaka yote ya ndoa ya Soipan jambo hilo halikuwa shida. Mama yake, Naserian, aliishi Illasit, chini ya mlima, karibu na mpaka, akilima mahindi na maharagwe, na kila alipokuja Kitengela alikunywa chai nje uani, akambariki mjukuu, akaondoka kabla jua halijapinda. Nelson angekohoa langoni ili mama ajifunike uso kwa shuka, kisha angepita kando akiangalia chini. Wakisalimiana, walisalimiana kupitia kwa Soipan. Kila mmoja alimsifu mwenzake asipokuwapo.

Sasa macho ya mama yalikuwa yanazima. Daktari aliyempima alisema ni presha ya macho, akamweleza Soipan polepole, kama mtu anayeogopa kuvunja chombo. "Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki tunaweza kukilinda. Lakini dawa isikose, asubuhi na jioni. Ikikosa, na hicho kidogo kitaenda."

Dawa yenyewe ilikuwa matone katika kichupa kidogo kama kidole cha mwisho. Mama hakuweza kujitilia. Mikono yake ilitetemeka, na jicho lisiloona kichupa haliwezi kukingoja. Matone yaliingia puani, yakaingia sikioni, yakashuka shavuni, na kichupa kikaisha kabla ya wakati huku macho yakiwa makavu. Simaloi, mke wa mpwa wake aliyeishi naye boma moja, alimsaidia alipoweza, lakini Simaloi huamkia shamba la vitunguu la watu kabla hakujapambazuka, na jioni hurudi wakati wowote. Saruni, mdogo wake Soipan, alifanya kazi kwenye shamba la maua Isinya. Alikuwa na mke, Jentrix, na watoto pacha wachanga, na wote wanne walilala chumba kimoja, kitanda kimoja. Hata mtoto wa kiume hawezi kumweka mama yake ndani ya chumba cha namna hiyo.

Ikabaki kwa Soipan. Na kwa Soipan kulikuwa na paa moja, mlango mmoja, na mwenye nyumba, mumewe.

Wazo la mlango lilikuwa la Nelson mwenyewe. Alilitoa jioni moja akiwa anavua viatu. "Chumba cha pembeni nikikifungulia nje, na huku ndani nikaziba kwa mawe, hicho si ni nyumba yake?"

"Paa je?"

"Paa ni mabati tu. Boma nzima huwa na ua mmoja, na hakuna mtu husema wanalala pamoja."

Walimpigia simu baba mdogo wa Nelson, mzee wa ukoo, naye akawataka waeleze mara mbili. Mwishowe akasema kwamba nyumba ni mlango, na mwenye mlango wake ana nyumba yake. Soipan alipeleka maneno hayo Illasit kama mtu anayebeba yai. Mama aliuliza maswali mengi. Mlango wa ndani utazibwa kabisa? Kabisa. Atamsikia akikohoa? Ukuta ni wa mawe, mama. Atapitia wapi kwenda chooni? Upande wake. Mama akavuta pumzi.

"Mimi nimeokoka," alisema. "Lakini Yesu aliniokoa kutoka kwa dhambi, hakuniokoa kutoka kwa heshima. Kama mlango ni wangu, nitakuja."

Basi mlango ukatobolewa, na ule wa ndani ukazibwa na kupigwa plasta. Nelson, ambaye alikuwa na duka dogo la dawa za mifugo karibu na soko, alikataa kumwachia fundi kazi ya rangi. Alisema chumba hicho atakipaka kwa mkono wake. Hawezi kumpa mama mkono, hawezi kumpakulia chakula, basi na ampakie ukuta.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, baridi ya Kitengela ile inayokuja na upepo kutoka mbugani. Nelson alipiga msasa, akapaka andakoti, rangi ya chini, akavaa mfuko wa plastiki kichwani. Yvonne, binti yao wa darasa la saba, alishika rola akapaka zaidi miguu yake kuliko ukuta.

"Dad, mbona white? White ni ya hosi, ya wagonjwa."

"Muulize mama yako."

Soipan alikuwa amekaa uani na cherehani yake, akishona pazia. Alijibu bila kuinua kichwa, akimwita mama yake kokoo, nyanya, kama Yvonne alivyomwita. "Kokoo haoni rangi. Anaona mwanga na giza tu. Ukuta ukiwa mweupe na fremu ya mlango iwe buluu nzito, atajua pa kutokea."

"Woi," alisema Yvonne, akairudisha rola ukutani.

Pazia alilishona kwa kitambaa kizito, akaukunja upindo mara mbili na kutia kamba ndani yake, ili mkono wa mama ukipapasa ujue kwamba hapa dirisha linaanza. Foronya alizishona kwa vipande vya shuka nyekundu vilivyobaki kwenye kazi ya harusi. Alipenda kazi hiyo kuliko zote alizowahi kushona, kwa sababu hakukuwa na mteja wa kumwambia kola imekwenda upande. Mara kwa mara Nelson alitokeza kichwa chenye plastiki akauliza kama chai imekufa, na Yvonne akawa anaimba wimbo wa kwaya kwa maneno ya kujitungia. Ilikuwa siku njema. Soipan aliujua wema wa siku hiyo ikiwa bado inaendelea, jambo ambalo si la kawaida.

Alasiri walipakua kitanda kipya, wakaingiza godoro likiwa bado na nailoni yake. Nelson akamalizia mlango na fremu kwa rangi ya mafuta. Hapo ndipo tatizo dogo likatokea. Kwa baridi ile rangi ya mafuta haikuwa na haraka ya kukauka. Mlango ukifungwa utagandamana na fremu. Ukiachwa wazi bila mtu, mbwa wa plot wataingia, au mtu atapita na godoro.

"Nendeni," Nelson alisema. "Nitalinda mimi."

Soipan alipomletea chai alimkuta amelala. Hakuwa amekusudia, ilionekana wazi. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, uchovu ukamwangusha ubavu, miguu ikiwa bado inaning'inia chini, viatu vimevuliwa ili asichafue sakafu iliyopigwa deki. Alikoroma taratibu, madoa ya buluu yakiwa kwenye ndevu. Soipan akasimama pale mlangoni na kikombe. Kitu kikamgusa kifuani, kidogo, kama sindano inayopita kwenye kitambaa bila kukifikia kidole. Kisha akafikiri: ni mbao na sponji tu, mama hajafika, na huyu mtu amechoka kwa ajili yake. Akakiweka kikombe sakafuni, akamwacha.

Mama alifika juma lililofuata, Saruni akimshika mkono. Nelson alikuwa dukani, kwa makusudi. Soipan aliinamisha kichwa kiguswe kwa salamu, na mama, badala ya kukigusa mara moja, akauacha mkono wake uzunguke hewani mpaka ulipokipata.

"Takwenya," mama alimsalimu.

"Iko, Yeyo," Soipan akamwitikia mama yake.

"Nionyeshe mlango wangu."

Akaupapasa mlango kuanzia juu hadi chini kama mtu anayenunua ng'ombe. Akaingia, akasimama katikati ya chumba, akageukia upande wa mwanga. Akagusa pazia, akaupata upindo, akacheka. "Umetia kamba."

"Ndiyo, mama."

"Nilijua nilizaa fundi."

Jioni hiyo Soipan alimtilia dawa kwa mara ya kwanza. Mama aliinua uso, Soipan akavuta kope ya chini kwa kidole, tone likaanguka pale pale panapotakiwa. Upande mmoja, kisha mwingine. Mama akafumba macho, machozi ya dawa yakajaa pembeni, na Soipan akayafuta kwa ncha ya leso. Alifanya hivyo asubuhi, na jioni, na asubuhi tena. Mama alilala vizuri. Alikula ugali na maziwa ya mgando nje ya mlango wake, akimsikiliza Mbeke akigombana na mwuza maji wa punda juu ya ua. Nelson alikuwa akikohoa langoni, mama anavuta shuka usoni, naye anapita. Kila kitu kilikwenda kama kilivyopaswa kwenda. Walipomrudisha kliniki, daktari alimulika yale macho akasema presha imeshuka. "Endeleeni hivyo hivyo," alisema, na Soipan akatoka nje akakaa kwenye benchi akalia kidogo kwa furaha, mama akimuuliza anatafuta nini mkobani.

Mchana walishona pamoja. Mama hakuweza kutunga uzi, lakini vidole vyake vilijua vifungo kwa ukubwa, na alivitenganisha kwenye vibakuli bila kukosea. Aliweza pia kushikilia kitambaa kirefu kisiburuzike chini. Yvonne akitoka shule alikuja akajitupa kwenye kitanda cha nyanya yake, akamweleza mambo ya shule kwa lugha ambayo mama aliielewa nusu na kuicheka yote.

Alasiri moja Yvonne alikuwa pale, na Soipan alikuwa mlangoni akipiga pasi sare za shule za mteja. Mama alikuwa akipitisha kiganja ukutani, juu ya kitanda.

"Huyu fundi alijua kazi," alisema. "Ukuta ni laini kama shingo ya ndama. Ni nani?"

"Si ni Dad!" Yvonne alisema kwa fahari. "Kokoo, ni Dad alipaka yote. Alikataa fundi. Mimi pia nilipaka hapo chini. Dad alichoka mbaya, akalala hapa hapa kwa bed yako, akakoroma kama tinga! Mum alimletea chai ikapoa."

Pasi ikasimama mkononi mwa Soipan.

Kiganja cha mama kilibaki ukutani, kisha kikashuka taratibu. Akatafuta fimbo yake. Akatafuta viatu kwa nyayo, akavivaa. Akanyanyuka, akaitafuta fremu ya buluu, akapita mbele ya binti yake, akaenda hadi kwenye kigoda cha kufulia nguo kilichokuwa uani, akaketi na kuipa nyumba mgongo.

"Kokoo?" Yvonne alisema. "Nimesema nini? Mum, nimesema nini?"

Soipan aliizima pasi. Alichuchumaa mbele ya mama yake. "Mama, hakukusudia. Alikuwa analinda mlango. Rangi ilikuwa mbichi."

"Najua hakukusudia."

"Ulikuwa hujafika bado."

"Lakini nilifika."

"Godoro lilikuwa bado na nailoni, mama. Hakuligusa."

Mama akageuza uso wake upande wa sauti. "Nailoni ni ukuta, Soipan?"

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomvunja Soipan nguvu. Angekuwa na hasira angengojwa apoe, angetukana angejibiwa. Lakini mama alizungumza kwa upole kama anayempa mtu pole.

"Mkwe wangu ni mtu mzuri," alisema. "Amenipakia nyumba. Nimesikia hayo nikafurahi. Lakini nimelala alipolala yeye. Nimegeuka pale alipogeuka. Mwili wangu ukikumbuka hilo, utalala namna gani? Hakuna aliyekosa. Ni jambo tu limetokea, na mimi ndiye niliye nalo."

Giza lilipoanza kuingia alikuwa bado kwenye kigoda. Soipan akamtilia dawa pale pale uani, upepo ukipeperusha leso. Tone moja likaenda na upepo, akalirudia. Nelson akakohoa langoni, na mara hii mama hakujifunika uso tu, alijiinamia mpaka kichwa kikafika magotini. Nelson akasimama. Akaangalia mkewe. Soipan akamfuata langoni akamnong'oneza, na akaona uso wa mumewe ukibadilika, kama mtu aliyekanyaga mtoto wa paka gizani.

"Woi, Mungu," alisema. "Nilifunga macho tu kidogo."

"Najua."

"Nifanye nini? Niambie nitafanya."

Soipan akageuza macho kwa mama yake. Nelson akageuka bila kuingia, akaenda kulala dukani kwake katikati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe. Mama alishikwa mkono, akalala jikoni kwa Mbeke kwenye mkeka, kwa sababu baridi ilikuwa kali na hakukuwa na mahali pengine.

Siku zilizofuata kila mtu alijaribu. Nelson alinunua kitanda kingine na godoro lingine, akalipa vijana waviingize, yeye mwenyewe akiwa mbali kabisa. Mama aliguswa na jambo hilo, akambariki kupitia kwa Soipan, lakini alipofika mlangoni miguu ilikataa. Alisema chumba kimekwisha kumjua mkwe wake. Kuta alizipaka yeye, na hilo halikuwa na ubaya, ila kulala ni kulala.

Nelson akaendelea kulala dukani ili nyumba yote ibaki bila mwanamume. Mama akauliza siku ya pili, "Mbona sisikii mtu akikohoa langoni?" Yvonne, aliyekuwa sasa anaogopa kujibu lolote, alimwangalia mama yake. Soipan akajaribu kusema ana kazi nyingi. Mama akatikisa kichwa.

"Nimemfukuza mwanamume kwa boma yake," alisema. "Sasa nimekuwa mgeni wa aina gani?"

Mchungaji wa kanisa lao alikuja akasoma Ruthu na mkwewe. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema amina, kisha akamuuliza taratibu: "Pastor, mama mkwe wako hulala kwako wapi?" Mchungaji, ole wake, alikuwa Mmaasai wa Kajiado. Akaifunga Biblia, akakohoa, akakubali kikombe cha chai.

Mbeke alimshika Soipan mkono juu ya ua. "Mwache alale kwangu tu. Jikoni kuna joto. Mimi namtilia hiyo dawa hata mara kumi."

Soipan alimpelekea mama wazo hilo, akijua jibu.

"Mbeke ni mtu wa Mungu," mama alisema. "Lakini nilale jikoni kwa watu kama mtu asiye na mtoto, na watoto wangu wako hapa? Watu wa Illasit wakiuliza, utawaambia nini? Mimi nitawaambia nini?"

"Basi nitakukodishia nyumba, mama. Hapo nyuma tu, plot ya pili."

"Nilale peke yangu kwa plot ya watu nisioona sura zao? Choo nikitafute kwa fimbo?"

"Nitakuja kulala na wewe."

"Na Yvonne?" Mama akamgusa goti. "Na mwenye nyumba? Mwanamke haachi nyumba yake ili akalee mama yake. Mimi sikukulea hivyo. Ukifanya hivyo nitakuwa nimekuvunjia nyumba, na macho yenyewe ni haya yameshazeeka."

"Basi nitarudi na wewe Illasit."

"Soipan."

Alilitaja jina tu, na Soipan akainamisha kichwa kama mtoto. Alijiona yuko katikati ya watu wanaompenda na wanaopendana, kila mmoja ametenda wema, na ule wema umejengeka kama ukuta usio na pa kutobolea. Hakukuwa na mtu wa kulaumu. Alijaribu kujilaumu mwenyewe kwa ajili ya kile kikombe cha chai alichokiweka sakafuni akaenda zake, lakini hata lawama hiyo haikufungua kitu. Alijaribu kumlaumu Yvonne, akamwona msichana anaosha vyombo kimya kimya bila kuimba, akakosa nguvu.

Jioni alimwambia Nelson kwenye simu, "Basi tumjengee nyumba ya mabati peke yake."

"Wapi? Nyuma ni shimo la choo, mbele ni geti." Kisha akasema, "Hata nikiijenga juu ya kichwa changu, nitaijenga. Muulize."

Mama alipoulizwa alisema hapana, polepole, kwa mara ya mwisho. Nyumba ingine kwa boma hiyo hiyo, baada ya jambo kama hilo, itakuwa kumwambia mkwe kila siku kwamba alikosa. Hataki mkwe wake atembee ameinama maisha yake yote.

Saruni alikuja kumchukua asubuhi ya Jumapili. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, macho yamevimba kwa kukosa usingizi wa pacha. Alimvuta dada yake kando. "Dada, si umshike kwa nguvu? Wewe ndiye mkubwa."

"Umshike wewe."

Saruni akaangalia viatu vyake. "Simwezi."

"Basi."

Soipan alifunga vichupa vitatu vya dawa ndani ya kitambaa chenye maji, akavitia kwenye mkebe ili visipate joto njiani. Alimweleza Saruni amweleze Simaloi, kisha akampigia Simaloi mwenyewe simu akamweleza tena, na Simaloi akasema ndiyo, atajaribu, vitunguu vikiisha kung'olewa atakuwa na nafasi zaidi. Mama alikuwa amekwisha kuvaa shanga zake na shuka nzuri. Alimwita Yvonne, akamtemea mate kidogo ya baraka kwenye viganja, akampaka usoni.

"Usikae na uso huo," alimwambia. "Ulisema kweli. Mtoto anayesema kweli asilie."

Yvonne akalia zaidi.

Nelson alikuwa amesimama mbali, nje ya lango, upande wa pili wa barabara ya vumbi, kofia mkononi. Mama hakumwona, wala hangeweza kumwona, lakini alipofika langoni alisimama, akavuta shuka usoni, akageuka kidogo upande ule kama anayehisi jua liko wapi. Kisha akashikwa mkono akaenda.

Tangu hapo Soipan hupiga simu Illasit kila jioni, jua likiwa bado juu ya mabati. Simaloi alinunuliwa simu yenye spika ya nguvu, na siku akiwa nyumbani kila kitu huwa sawa. Humshika mama kichwa, humtilia, husema tayari. Siku nyingi hayuko. Siku hizo mtoto wa jirani huibonyeza ile simu ipokee, kisha hukimbilia mbuzi, na mama hubaki nayo mapajani.

"Mama, umeshika kichupa?"

"Nimeshika."

"Inua uso. Juu kabisa. Vuta kope kwa kidole cha mkono mwingine."

"Nimevuta."

"Minya kidogo tu."

Husikia pumzi ya mama, na kuku, na upepo wa huko chini ya mlima. Husikia shanga zikigongana mkono unapotetemeka. Vibarua vyake vya kushona huachwa nusu, mguu wake ukiwa umetulia juu ya kanyagio, sikio limebanwa kwenye simu mpaka linauma.

"Imeingia, mama?"

"Nimesikia baridi."

"Baridi ya wapi? Ya jicho ama ya shavu?"

Mama hujaribu kwa kweli kutafuta tofauti.

"Ni baridi tu, mwanangu," husema. "Ngoja nijaribu lile lingine."